Miaka kumi ya ndoa, watoto wawili na bibi: Mafia, na angalieni mwezi kwanza

Dada mmoja wa Dodoma ameniandikia: "Desemba hii mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Tunataka siku tano au sita kwenye kisiwa kilichotulia, kisicho na makelele ya baa wala msongamano. Tuna watoto wawili, wa miaka minne na tisa, na mama mkwe wangu mwenye miaka 67 anaishi nasi, magoti yanamsumbua. Mume wangu anasema twende wawili tu, watoto wabaki na bibi yao. Mimi moyo hautaki kuwaacha. Watu wananitajia Lamu, Pemba na Mafia. Wewe ungetupeleka wapi, na twende wawili au wote?"

Dada yangu, hongereni sana. Nakupa jibu kwanza, maelezo yafuate: nendeni Mafia, nendeni wote watano, chukueni vyumba viwili, na kabla hujapiga simu kwenye hoteli yoyote, chukua kalenda yenye tarehe za Kiislamu uangalie mwezi. Hilo la mwisho ndilo ambalo wageni hawaambiwi, na ndilo linaloharibu safari nyingi kuliko chakula kibaya au chumba kidogo. Nimepeleka familia Mafia kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na karibu kila aliyerudi amenuna alikwenda wiki ambayo maji hayakuwa yake.

Lamu naipenda, na mngekuwa wawili ningesita kuchagua. Kuanzia kijiji cha Shela kuna ufuo wa kilomita kama 12 ambao unaweza kutembea asubuhi nzima ukakutana na watu watatu na punda mmoja. Lakini nyumba za Lamu na Shela ni za ghorofa zenye ngazi nyembamba zilizosimama wima, na vyumba vizuri ndivyo vilivyo juu kabisa. Kwa magoti ya mama, hapana. Pia kutoka Dodoma ni safari ya kuvuka mpaka, mtachoka kabla hamjafika. Pemba ni nzuri mno, hasa kisiwa kidogo cha Misali, ila sehemu zake ziko mbalimbali, mtakuwa kwenye gari sana, na mtoto wa miaka minne hachoki haraka popote kama kwenye gari.

Sasa Mafia. Ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, mkabala na delta ya Rufiji. Mji wake ni Kilindoni, upande wa magharibi, na hapo ndipo uwanja wa ndege na bandari vilipo. Hoteli nyingi za wageni ziko Utende, upande wa pili, kilomita kama 15 za lami, zikitazama ghuba ya Chole. Ghuba hiyo, pamoja na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, imo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza Tanzania, yenye kilomita za mraba 822. Hoteli ni chache na ndogo. Saa tatu usiku unachosikia ni maji na popo.

Nikuambie na kisichoonekana kwenye picha: Utende hapana ule ufuo mweupe usio na mwisho unaouona kwenye matangazo ya Unguja. Kuna mikoko, kuna tope, na maji yakitoka yanatoka kwelikweli. Mgeni anafika saa tano asubuhi, anafungua mlango wa chumba akitarajia bahari ya buluu, anakuta uwanja wa matope na majani ya bahari, na akina mama wakiwa mbali kule wanachokoa pweza. Anadhani ametapeliwa. Hakutapeliwa, amefika siku ya bamvu.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo roho ya jibu langu. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika kama 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kuanzia tarehe 1 na kuanzia tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu, jua na mwezi huvuta pamoja, maji yanajaa sana na kutoka sana: hilo ndilo bamvu. Kwa ukanda wetu, siku za bamvu maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi na hujaa kwenye saa kumi jioni. Wiki moja baadaye, tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24, ni maji mafu: yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, na saa zimegeuka, yaani asubuhi ya saa nne ndiyo yamejaa. Wavuvi wa Mafia hawahitaji simu kulijua hili. Wewe mwenye kalenda ukutani huhitaji pia.

Basi ukiwa na watoto na mzee, usichague upande mmoja. Fikeni siku ya 17 ya mwezi wa Kiislamu, au ya 3, na ondokeni siku ya 23 au ya 9. Mtaanza na bamvu na kumaliza na maji mafu, na kila siku itakuwa na kazi yake. Kumbuka mwezi wa kuonekana unaweza kutofautiana na wa kwenye kalenda kwa siku moja, haidhuru.

Asubuhi mbili za kwanza, maji yanapotoka, pelekeni watoto kwenye mafungu ya mchanga. Ndani ya ghuba kuna fungu la Marimbani, linatokeza maji yakipwa kama mgongo wa ngamia mweupe katikati ya bahari. Boti inawashusha, mnafunga turubai la kivuli, na mtoto wa miaka minne ana bwawa la maji ya magotini, ya uvuguvugu, lenye kaa na samaki wadogo, na hakuna wimbi. Mvalisheni yeboyebo, asitembee peku: kwenye mawe kuna wadudu wenye miiba mirefu myeusi, na kwenye mchanga hujifukia taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani. Mfundisheni kuburuza miguu badala ya kuinyanyua, taa atasikia na kuondoka mwenyewe. Baada ya saa mbili au tatu fungu linamezwa na maji. Nahodha atawaambia muda, msibishane naye.

Jioni za siku hizohizo ndizo za bibi. Maji yamejaa saa kumi, boti inafika karibu kabisa na nchi kavu, hapana haja ya kuvua viatu na kukanyaga tope. Mvukeni naye Chole, ni dakika kama kumi tu. Ukimpeleka asubuhi ya bamvu atashushwa mbali, atembee kwenye maji ya magoti juu ya tope linaloteleza, na hapo safari yake itakuwa imekwisha. Chole palikuwa mji wa utawala wakati wa Wajerumani kabla makao hayajahamishiwa Kilindoni. Magofu yake yamekumbatiwa na mizizi ya miti, njia ni tambarare, kivuli kimejaa. Juu ya miti wananing'inia popo wakubwa wenye sura ya mbwa mdogo. Popo hawa hawapo bara, jamaa zao wako Komoro na Mayotte. Jua likizama wanaruka kwa mamia kuelekea kisiwa kikubwa kutafuta matunda, na mnavuka nao, wao juu, ninyi chini.

Nakumbuka mama mmoja wa Singida, umri kama wa mama mkwe wako, alikuwa hajawahi kuiona bahari. Mwanawe alimpangia kila kitu, boti, mafungu, samaki. Yeye aliona kinamama wa Chole wamekaa barazani wanasuka ukili wa kushonea mikeka, akaketi. Alijua kusuka kwa namna ya kwao, akaomba miyaa, yaani majani ya kusukia, wakacheka mkono wake, akacheka na wao. Kesho yake hakutaka kwenda popote pengine. Aliondoka na mkeka ambao pima mbili za ukili wake alizisuka mwenyewe. Ninakuambia hivi kwa sababu kuna jambo linanigusa kwenye barua yako: shemeji anasema watoto wabaki na bibi yao. Anamhesabu mama yake kuwa mlezi. Mpelekeni kama mgeni, naye siku mbili au tatu atawaambia mwenyewe, "Nendeni, nitakaa na wajukuu." Ikitoka kwake ni zawadi. Ikipangwa Dodoma ni kazi.

Mara baada ya asubuhi hizo mbili za mafungu wekeni asubuhi ya papa potwe. Desemba ni ndani ya msimu wao, kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, na wanaonekana upande wa Kilindoni, si Utende, kwa hiyo mtaondoka mapema kwa gari. Potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, ila wanaokuja karibu na pwani ya Mafia wengi ni madume machanga ya mita 6 hadi 7. Hana habari na mtu. Anafuata uduvi. Mwaka juzi nilikuwa na familia moja. Nahodha akazima mashine, mbele yetu wavuvi wanakusanya wavu wa dagaa, maji yamekolea uduvi mpaka yana rangi ya chai ya maziwa. Likaja pezi, kisha mgongo wa kijivu wenye madoa meupe kama kanga wa porini, ukapita kando ya boti polepole, mrefu, haumaliziki. Mtoto wa miaka minane aliyekuwa ameng'ang'ania mkono wa baba yake akaniuliza kwa kunong'ona: "Anatuona?" Nikamwambia anatuona, jicho lake hilo hapo, dogo kama jicho la ng'ombe. Hakuingia majini. Hakuhitaji.

Mtoto wenu wa miaka tisa, kama anaogelea vizuri na amezoea miwani ya majini, anaweza kuingia akiwa bega kwa bega na mzazi na mwongozaji. Wa miaka minne abaki ndani ya boti. Hamumgusi samaki, hamumkati njia, mnakaa mbali na mkia, na boti ikianza kumfukuza samaki mwambieni nahodha aache. Wako wanaofanya hivyo wakidhani wageni ndivyo wanavyotaka. Na iwekeni asubuhi hii mapema ndani ya safari, ili wasipotokea mrudie siku nyingine. Ni bahari, hakuna wa kukuhakikishia.

Sasa ninyi wawili. Siku za mwisho maji mafu yamefika, saa nne asubuhi ghuba imejaa, watoto wanaogelea mbele ya hoteli na bibi yao amekaa kivulini. Chukueni boti ndogo, mmoja wa kuwaongoza, mwende Juani kwenye magofu ya Kua. Njia inapita kwenye mkondo wa mikoko, na kunahitaji maji. Kua ulikuwa mji wenye jumba la kifalme, misikiti na makaburi. Mwanzoni mwa karne ya 19 ulivamiwa na Wasakalava waliotoka Madagaska, watu wakauawa na kuchukuliwa, haukukaliwa tena. Leo kuta zimesimama ndani ya msitu, na ukikaa kwenye ukuta wa msikiti kuna kimya ambacho sijakikuta mahali pengine pwani hii. Nimewapeleka wachumba, na nimewapeleka watu wa miaka arobaini ya ndoa. Wengi wakifika pale hushusha sauti, kisha wanazungumza mambo ambayo nyumbani hayakupata nafasi. Mimi huenda kukaa na nahodha.

Jioni ya mwisho, mwombeni mpishi awawekee meza yenu peke yenu, muwaache watoto wale mapema. Pweza wa nazi, wali, mkate wa kumimina. Hoteli ndogo za Utende zinafanya hili bila gharama kubwa mkiwaambia tangu asubuhi, maana samaki hununuliwa siku hiyohiyo. Ndiyo sababu nasisitiza vyumba viwili. Kile "chumba cha familia" chenye vitanda vitano kitawaokolea pesa kidogo na kuwanyima kile mlichokifuata. Bibi na wajukuu chumba kimoja, kilicho chini, karibu na mahali pa kulia. Ninyi kingine, hata kikiwa mwisho wa bustani.

Na huo mpango wa shemeji wa kuwaacha watoto siudharau. Ila nimewaona wazazi wengi wa watoto wa miaka minne: siku ya pili wako ukingoni mwa maji wameinua simu juu wanatafuta mtandao, wanauliza kama amekula. Mkitaka kwenda wawili, nendeni, lakini kwa siku mbili au tatu, na subirini huyo mdogo afike miaka sita au saba.

Kuhusu wakati: Desemba mwanzoni, mara tu shule zinapofungwa, ni wakati mzuri. Matlai, upepo wa mashariki, imetulia, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ndiyo kwanza inaanza, bahari ni laini kuliko Juni hadi Agosti wakati kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma. Mvua za vuli zinaweza kuwanyeshea, mara nyingi ni ya saa moja kisha jua. Wiki ya Krismasi bei zinapanda na vyumba vinajaa, iepukeni. Aprili na Mei sahauni kabisa: ni masika, hoteli nyingi hufunga, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipita upande huohuo. Mkitaka kuona kasa wadogo wakitoka mayaini Juani, hiyo ni safari nyingine, ya Juni hadi Septemba.

Usafiri una njia mbili. Kutoka Dodoma chukueni treni ya SGR hadi Dar es Salaam, mlale. Asubuhi mnaweza kupanda ndege ndogo, ni nusu saa au dakika arobaini tu, na mkiwa upande wa kulia mtaiona delta ya Rufiji kama mkono wenye vidole vingi. Mwambieni mtoto mkubwa kwamba humo ndani mwezi Julai 1915 Waingereza waliipiga mizinga manowari ya Kijerumani ya Königsberg mpaka mabaharia wake wakaizamisha wenyewe, na ndege zilizoitafuta ziliruka kutoka Mafia. Mizigo ni kilo 15 kwa mtu, mabegi laini, masanduku magumu hayaingii. Njia ya pili ni kwa gari hadi Nyamisati, wilaya ya Kibiti, kisha kivuko au boti hadi Kilindoni. Ni rahisi zaidi mfukoni, lakini ni siku nzima, na bahari humlevya asiyeizoea. Kwa mama mwenye magoti na mtoto mdogo, kama pesa inaruhusu ndege ya kwenda tu, fanyeni ndege kwenda na Nyamisati kurudi. Mkipita Nyamisati, jana yake ulizieni saa ya kuondoka, inabadilika, na sikilizeni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, msipande, hata kama kila mtu anapanda.

Bebeni vitambulisho vya NIDA. Kwenye geti la hifadhi kabla ya Utende mnalipa ada kwa kila saa 24, na Mtanzania analipa kidogo sana kuliko mgeni wa nje. Risiti itunzeni mpaka mnatoka. Benki iko Kilindoni, Utende hapana, kwa hiyo tembeeni na pesa taslimu ya kuwatosha. Malaria ipo, lazeni watoto ndani ya chandarua kuanzia magharibi. Dawa za bibi zibebwe zote na za siku tatu za ziada, mikononi, si kwenye mzigo. Hospitali ya wilaya iko Kilindoni. Nguo za kuogelea ni za kwenye boti na kwenye fungu. Mkishuka kijijini jifungeni kanga, na shemeji avae shati. Watu wa Mafia hawatawaambia kitu, ni wastaarabu mno, lakini watafurahi.

La mwisho, na hili ninaliomba kama mzazi. Mnapoweka nafasi ya boti, ulizeni kama wana jaketi okozi la mtoto wa kilo kumi na tano, na wawatumie picha yake. Mwaka mmoja nilifika na wageni kwenye boti ya watu wengine, wakatuambia yapo. Yalikuwapo, yote ya watu wazima. Tulimvalisha binti mdogo, tukalifunga kamba zote, baba yake akamnyanyua kwa mabega ya jaketi kulijaribu: jaketi likapanda juu, mtoto akabaki chini. Hatukwenda siku ile. Fanyeni jaribio hilohilo, nchi kavu, mbele ya nahodha, kabla mguu wa mtoto haujaingia botini. Nunueni la kwenu Dar es Salaam kama mnaweza. Ndani ya begi halina uzito wowote.